Mparachichi na Msaipresi: Upi Upandwe Nyumbani?

Mwishoni mwa mwezi wa Februari mwaka huu sajini mmoja wa jeshi alifika ofisini kwangu pamoja na mkewe. Nilidhani wamekuja kuuliza habari za hati ya kiwanja, maana hiyo ndiyo kazi yangu ya kila siku katika ofisi ya wilaya. Kumbe hati walikuwa nayo tayari, imekunjwa vizuri ndani ya mfuko wa nailoni. Lililowaleta lilikuwa jambo jingine. Walikuwa na kiwanja cha futi 50 kwa 100 kando ya mji wa Kabale, nyumba imekwisha kuezekwa, na sajini alikuwa amebakiwa na siku kumi na nne za likizo kabla ya kurudi kikosini. Katika siku hizo alitaka apande miti nyuma ya nyumba, ili mvua za Machi zinyeshe mashimo yakiwa yamekwisha kufukiwa. Mkewe naye alitaka miti ipandwe. Ila mti aliokuwa nao mume moyoni sio aliokuwa nao mke.

"Mwalimu," alisema sajini (wengi huniita hivyo hata leo, kwa sababu ya cheti cha ualimu nilichokipata kabla ya kuingia ofisini), "mimi nataka misaipresi. Mstari mmoja ulionyooka, kutoka kona hata kona. Mtu akipita barabarani ajue kwamba mahali hapa pana mwenyewe."

Mkewe alingoja mpaka mumewe amalize. "Baba watoto atakuwa kikosini," akasema. "Tutakaobaki na mstari huo ni mimi na watoto. Nao watoto hawali mstari. Mimi naomba parachichi."

Sikuwajibu upesi. Nyumbani kwetu mabishano ya namna hiyo hiyo yalidumu kwa muda wa miaka kumi na saba, na kila nilipotaka kumuunga mkono mmoja wao nilikumbuka hasara iliyotupata kutokana na mti wake. Niliwaomba waketi, nikawasimulia. Wasomaji wetu wengi, hasa wale wa kambini na wa kota za polisi wanaojenga polepole huko makwao, nadhani wamo katika shauri lile lile. Kwa hiyo nimeona yafaa niyaandike.

MITI YA BABA NA MTI WA MAMA

Marehemu baba yangu alikuwa askari polisi. Utoto wangu wa mwanzo niliupitisha katika vile vibanda vya bati vya duara viitwavyo unipoti, ambamo adhuhuri hakukaliki na usiku wa mvua hakusikilizani. Katika mwaka wa 1997 baba alipata kipande cha ardhi mlimani, nje kidogo ya Kabale, akajenga vyumba vitatu. Kabla hata milango haijatiwa alikwenda kwenye kitalu cha miti akarudi na miche 26 ya misaipresi. Aliipanda kwenye mpaka wa juu, hatua moja moja, kwa kamba na vigingi, kama mtu apangaye gwaride. Mimi nilikuwa na umri wa miaka saba. Kazi yangu ilikuwa kuchota maji.

Mama hakununua mche wowote. Alifukia kokwa moja la parachichi nyuma ya jiko, pale alipokuwa akimwaga majivu. Baba aliudharau mti ule akauita "mti wa jalalani", na mara mbili alitaka kuung'oa ili apate nafasi ya kuegesha baiskeli.

Kwa miaka saba yote baba ndiye aliyekuwa mshindi. Misaipresi ilikua upesi, ikafungamana, ikazuia upepo wa Julai ambao huko kwetu hupenya hadi mifupani. Wageni waliisifu. Siku za Krismasi watoto wa jirani walikuja kuomba matawi, naye baba akimkatia kila mtoto tawi moja tu, tena kutoka upande wa ndani, pasipoonekana. Mti wa mama ulikuwa mrefu, umejaa majani, bila hata ua moja. Mwaka wa 2005, mwaka mmoja baada ya baba kustaafu, ulizaa kwa mara ya kwanza. Mwaka uliofuata ulizaa hata tawi moja likavunjika kwa uzito, maana mbao za mti huu ni dhaifu.

Hapo ndipo mambo yalipobadilika. Malipo ya uzeeni ya askari wa cheo cha chini yanajulikana, wala sina haja ya kuyaeleza katika ukurasa huu. Tulikuwa watoto watano, na kwa miezi kadhaa ya kila mwaka chakula chetu cha jioni kilikuwa posho, maharage, na nusu parachichi kwa kila mtu. Yaliyobaki mama aliyauza barabarani kwa beseni. Madaftari yangu ya kidato cha tatu yalitoka katika beseni hilo. Baba aliyala pamoja nasi, akasema yana mafuta mazuri, lakini kwamba alikosea hakusema.

MAJIRANI WA ASILI MOJA

Ajabu ni kwamba miti hii miwili, tunayoigombanisha hivi katika viwanja vyetu, ilitoka nchi moja. Mparachichi asili yake ni Mexico na nchi za Amerika ya Kati, ambako watu waliula kwa maelfu ya miaka kabla Wazungu hawajafika. Msaipresi tunaoujua hapa Uganda, na ulioenea Kenya, Tanzania na Rwanda, nao ni wa milima ya Mexico na Guatemala. Jina lake la kitaalamu ni Cupressus lusitanica, yaani msaipresi wa Ureno. Lakini jina hilo lisikudanganye, maana lilitokana tu na kuwa wataalamu waliouandika waliukuta umekwisha kupandwa huko Ureno. Kwa hiyo yeyote akuambiaye kwamba mmoja wa miti hii ni wa wenyeji na mwingine ni wa kigeni, umsamehe.

Tofauti yao ni kazi. Msaipresi ni mti wa baridi na wa mlimani. Hapa Kigezi umefika nyumbani kwake, lakini katika joto la mabondeni hauna raha. Mparachichi una uvumilivu zaidi: huzaa Kampala na huzaa Kabale, ila mche mchanga huumia ukipandwa bondeni ambako baridi ya usiku hutuama.

HABARI ZA MPELEKA BARUA

Mke wa sajini aliniuliza kama kungoja miaka minane kama mama yangu ni lazima. Si lazima hata kidogo, na hili ndilo ningependa kila mwenye kiwanja kidogo alijue. Mparachichi wa kokwa huchukua miaka mitano, saba, wakati mwingine kumi, ndipo uzae; tena haufanani na mama yake. Waweza kula tunda tamu kabisa, ukafukia kokwa lake, ukapata mti wa matunda ya majimaji yenye nyuzi. Mche uliobebeshwa, yaani ule ambao kikonyo cha mti bora kimefungwa juu ya shina la mche wa kokwa, huanza kuzaa katika mwaka wa tatu au wa nne, na tunda lake hulijua tangu siku uliponunua.

Aina iliyoenea ulimwenguni kuliko zote ni Hass, ile yenye ngozi ya vikwaruzo inayogeuka kuwa nyeusi ikiiva. Watumishi wenzangu wa serikali watapenda kusikia kwamba aliyeipata hakuwa bwana shamba mkubwa. Rudolph Hass alikuwa mpeleka barua wa posta huko California, Marekani, mwenye kishamba kidogo mahali paitwapo La Habra Heights. Mche mmoja wa kokwa aliojaribu kuubebesha ulikataa vikonyo, akataka kuukata. Husimuliwa kwamba watoto wake ndio waliopenda matunda yake kuliko ya miti mingine, hivyo mti ukaachwa. Mwaka wa 1935 aliandikisha haki ya aina hiyo kwa jina lake. Hakutajirika. Mti wenyewe wa kwanza uliishi hadi mwaka wa 2002, ndipo ukakatwa kwa sababu mizizi yake ilikuwa imeoza.

Kuoza huko kwa mizizi ndiko adui mkubwa wa mparachichi, hata hapa kwetu. Kiini cha ugonjwa huishi ndani ya udongo na huenea pale maji yanaposimama. Majani huwa madogo na ya kijani kilichofifia, matawi ya juu hukauka, na ukifukua utakuta mizizi myembamba imekuwa myeusi. Ukifika hapo huna la kufanya ila majuto. Basi usiupande mti huu katika shimo la matope, wala chini ya bomba la bafu, wala pale maji ya paa yanapomwagikia. Kiwanja kikiwa tambarare, inua tuta pana, upande juu yake.

Shimo lenyewe liwe la sentimita 60 kila upande na kwenda chini. Udongo wa juu uweke mbali na wa chini. Changanya ule wa juu na debe moja au mawili ya samadi iliyokwisha kuoza, urudishe, uache majuma mawili utulie. Mche uingie kwa kina kile kile ulichokuwa nacho katika mfuko, na mahali pa kiungo cha kubebesha pasifukiwe kamwe. Tandaza majani makavu kuuzunguka, lakini yasiguse shina. Machipukizi yatokayo chini ya kiungo uyavunje. Ukiyaacha, yale ya kokwa yatamshinda yule bora, nawe utarudi kwenye mti wa jalalani. Toka nyumbani uache mita sita au saba.

Kuna jambo jingine la kupendeza. Kila ua la mparachichi hufunguka mara mbili. Siku ya kwanza hufunguka likiwa la kike, likafunga. Siku ya pili hufunguka tena likiwa la kiume, limebeba chavua. Aina nyingine, kama Hass, huwa ya kike asubuhi, nayo ya kiume alasiri ya siku ya pili. Aina nyingine, kama Fuerte, ni kinyume chake: ya kike alasiri, ya kiume asubuhi. Ndiyo sababu miti miwili ya makundi tofauti ikisimama karibu huzaa vizuri kuliko mmoja, nyuki wakiwa kati. Mti wa pekee nao huzaa, kama wa mama ulivyozaa, kwa kuwa saa za maua huingiliana. Lakini mwenye nafasi ya miwili asipande miwili ya kundi moja.

Parachichi hukomaa mtini lakini halilainiki mtini. Hulainika baada ya kuchumwa. Kwa familia hii ni neema kubwa, kwa sababu mti wenyewe ni ghala: mama alikuwa akichuma ya juma moja tu na kuyaacha mengine juu. Ukitaka kujua kama yamekomaa, chuma moja uliweke kabatini. Likilainika vizuri katika muda wa juma moja au siku kumi, mengine yako tayari. Likisinyaa na kuwa kama mpira, ngoja. Likate na kikonyo chake kidogo, lisianguke, maana lililopondeka huoza upesi. Gramu 100 za nyama ya tunda hili zina mafuta yapatayo gramu 15 na nguvu za kalori 160, na mafuta hayo huusaidia mwili kuifyonza vitamini A iliyomo katika mboga za majani. Mtoto anayekula posho kila siku anayahitaji.

Sasa niseme na ubaya wake, nisije nikadhaniwa nimepewa beseni. Huzaa sana mwaka mmoja na kupumzika mwaka wa pili. Matawi huvunjika. Matunda yaning'iniayo upande wa jirani huleta kesi kwa mwenyekiti wa LC 1. Tena majani yake ni sumu kwa mifugo. Mwaka wa 2009 nilipogoa mti wa mama, nikamtupia mbuzi wetu wa maziwa matawi, nikijiona kijana mwenye akili. Kiwele chake kilivimba, maziwa yakakatika, na bwana mifugo alipofika aliuliza swali moja tu: amekula nini? Mbuzi alipona, lakini maziwa ya ndama wake hayakurudi, na mdogo wangu wa mwisho alikunywa chai ya rangi mwaka huo. Sungura na kuku pia wasipewe majani wala kokwa.

MAJIRA YA MISAIPRESI

Misaipresi ya baba, mtu asidhani kwamba ilikuwa ya pambo tu. Mti huu una mbao nyepesi, zilizonyooka, zinazopigika misumari bila kupasuka. Milango na dari nyingi za Kigezi zimetokana nao. Mwenye shamba la ekari moja mlimani ambaye anaweza kungoja miaka 25 au 30 atapata mbao za kupasua. Miaka minane au kumi itampatia nguzo. Hukinga upepo kuliko mti wowote wa matunda. Haudondoshi majani yote kwa wakati mmoja, kwa hiyo ua wake huficha nyumba mwaka mzima. Mke wa sajini aliposikia hayo alitikisa kichwa kukubali. Alisema kota zao za kambini hazina hata kichaka, na mtu akioga watu wanamhesabu.

Lakini angalieni hasara zake. Chini ya misaipresi iliyosongamana hakuoti kitu, si nyasi wala maboga, na katika mteremko udongo ule mtupu huchukuliwa na mvua. Vijani vyake vidogo huziba mifereji ya paa na kuingia katika tangi la maji. Ng'ombe mwenye mimba asilishwe matawi yake. Ndugu wa mti huu aitwaye macrocarpa anajulikana huko New Zealand kwa kuharibu mimba za ng'ombe, na kemikali yenyewe imo hata katika huu wetu.

Halafu kuna vidukari. Vidukari wa misaipresi walionekana Malawi mwaka wa 1986, na ilipofika mwaka wa 1990 walikuwa wamekwisha kuenea Afrika ya Mashariki, wakakausha nyua za miti na mashamba makubwa ya serikali. Ni wadudu wadogo wa rangi ya kahawia, hukaa kwa makundi juu ya gome la matawi, wakinyonya utomvu na kutia mate yenye sumu. Tawi hukauka kuanzia ndani ya mti, hali nje bado ni kijani. Ukiuona mti umegeuka kahawia, wao wamekaa muda mrefu. Matone yao matamu huleta ukungu mweusi kama masizi. Katika miaka ya 1990 wataalamu walileta Malawi nyigu mdogo anayetaga mayai ndani ya vidukari hao, na madhara yakapungua, lakini wadudu hawakwisha. Ua mfupi waweza kuunyunyizia maji ya sabuni, ukifunua matawi ya ndani. Mti wa mita 15 utaunyunyizia kwa nini? Ngazi ya zimamoto?

Kwetu waliingia wakati wa kiangazi cha mwaka wa 2015, mwaka mmoja baada ya kumzika baba. Miti saba ilikauka. Kumi na tisa ilibaki, nami nikaona nimwokoe mama na kivuli na masizi kwa kuipunguza. Nilipanda na panga nikaikata chini sana, hadi kwenye matawi makuukuu yasiyo na majani, kama ninavyokata mgrevilea, nikitumaini itachipua. Ndugu msomaji, msaipresi hauchipui. Mparachichi ukiukata shina nusu huota matawi mapya, hata waweza kuubebesha upya kwa aina bora. Bali msaipresi ukivuka mahali penye kijani, tawi hilo limekufa. Miti yote kumi na tisa ilikauka mmoja baada ya mwingine. Mama hakunilaumu. Alikuwa akiamka asubuhi anatazama juu mlimani, pale palipokuwa na mstari wa mumewe, kisha anaingia jikoni.

Tuliiuza kwa mpasuaji mbao, naye akaacha visiki. Mwaka wa 2018 mtu aliyenunua ardhi ya juu alijenga ukuta wa matofali, na ukuta huo ukashuka hatua mbili ndani ya kwetu. Baba hakuwahi kupima ardhi ile kwa mpima wa serikali. Alikuwa na karatasi ya mauzo iliyosema "mpaka ni miti ya mnunuzi". Miti iko wapi? Jirani akasema haikuwapo. Tulikwenda kwa mwenyekiti, tukarudi, tukaenda tena, na kila mara mama alivaa gauni lake la kanisani. Mwisho kamati ilifika na majembe. Walifukua nyasi, wakakuta kisiki, hatua moja mbele kisiki kingine, kisha kingine, vimenyooka kama kamba ilivyovutwa mwaka wa 1997, na mara tatu au nne ukuta wa yule bwana ulikuwa umesimama upande wa pili wa mstari. Kiini cha mbao ya msaipresi hakiozi upesi. Ukuta ulibomolewa.

HESABU YA KIWANJA

Sajini aliniangalia kwa ushindi, mkewe akanyamaza. Nikachukua karatasi tukapiga hesabu.

Futi 50 ni mita 15. Mpaka wa nyuma wa mita 15, ukipanda misaipresi ya ua kila sentimita 60, unahitaji miche 26, idadi ile ile ya baba. Ua huo utakuwa mzuri ikiwa utakatwa mara mbili au tatu kila mwaka tangu ungali mchanga, majani ya kijani yakiachwa juu ya kila tawi. Ukiachwa misimu mitatu tu bila kukatwa hautakuwa ua tena. Utakuwa msitu wa mita kumi nyuma ya nyumba ya vyumba vitatu, ukielekea thelathini, katika kiwanja ambacho upepo ukiuangusha hauna mahali pa kuangukia isipokuwa paa la mtu. Nikamuuliza: afande, nani atakayekata?

Alifikiri. Alikiri kwamba tangu mwaka wa 2019 hajakaa nyumbani siku thelathini mfululizo. Mkewe ana mtoto mgongoni na wengine watatu. Panga la ngazini si kazi ya kumwachia.

Mita 15 hizo hizo zatosha miparachichi miwili iliyobebeshwa, mita saba kati yao, mmoja Hass na mmoja Fuerte. Kazi yake ni maji katika viangazi viwili vya kwanza, matandazo, na kuvunja machipukizi. Hiyo mama wa nyumbani anaiweza. Kwa hiyo nilisema wazi: katika kiwanja cha 50 kwa 100, na baba yupo mbali, pandeni miparachichi. Msaipresi ni mti wa mtu mwenye nafasi na mwenye kukaa, au wa shamba la mlimani lililo mbali na nyumba. Huko sajini akipata ekari yake nitakwenda kumsaidia kuvuta kamba.

"Na mpaka?" akauliza. Swali hilo lilikuwa la haki, na kwa kuwa ndiyo kazi yangu nililijibu kirefu. Kiwanja chao kimepimwa. Kina mawe ya mpaka yenye namba katika kona zote nne. Kabla ya kurudi kikosini ayatafute mawe yote, ayafyekee nyasi, amwonyeshe mkewe na mtoto wao mkubwa, kisha amwite mwenyekiti na majirani wayaone kwa macho. Mstari wa miti ulitusaidia sisi kwa sababu hatukuwa na kitu kingine. Kwa wale wakaao katika kota za serikali, shauri ni fupi zaidi: ombeni ruhusa kwa mkuu wa kambi kabla ya kupanda, na tena kabla ya kukata, kwa sababu ardhi ile si yenu. Mkihamishwa, mti utabaki na atakayekuja. Mimi mwenyewe nilikula mapera ya askari nisiyemjua, nyuma ya unipoti yetu.

Sajini alikubali, ingawa aliomba jambo moja: msaipresi mmoja tu, katika kona ya mbele, apate kuutazama akija likizo. Mkewe akacheka, akasema sawa, kwa sharti kwamba ukifika urefu wa nguzo ukatwe utumike kushikilia tangi. Walitoka wakibishana juu ya upande gani wa lango.

Juma lililopita mama huyo alinipigia simu. Fuerte imeshika na ina majani mapya mekundu. Hass imeangusha majani matatu, na asubuhi baada ya mvua kubwa aliona maji yamesimama kuizunguka. Nimemwambia afungue mfereji upande wa chini leo hii hii, asogeze matandazo mbali na shina, asiumwagilie tena hadi udongo ukauke. Jumamosi nitapita na jembe tuinue tuta.